Salamu Isiyofutika

Jumanne, Mtanda

Kosa langu, tena la kijinga. Kidude nilichokiunga kwenye runinga ya Bibi kimkumbushe dawa ya presha kiliandika "Shikamoo Bibi, kunywa dawa", maneno yakaganda kwenye skrini kutwa, wiki nzima. Sikukiwekea amri ya kuyafuta. Nikaogopa atameza mara mbili.

Jana nikarekebisha, nikajisifu.

Leo namkuta kanuna. "Hicho kitoto chako kina kiburi siku hizi. Napita, hakiniamkii."

Kumbe wiki nzima kila akipita alikuwa anakiitikia!

Basi dawa ifutike, shikamoo ibaki. Nimekipanga upya hivyo.

Sasa hivi amepita kwenda kutawadha. "Marahaba, mjukuu wangu," akaiambia runinga.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Leo sijamwamkia.