Madumu Arobaini Kutoka Mawinguni

Jumamosi, jioni, Heru Juu. Mvua imekatika tangu jana lakini barabara bado ni sabuni, na mabega yangu hayataki kuguswa na mtu.

Shajara, leo nimeumbuka, tena mbele ya watu wa Kibondo. Ila kabla hujacheka, naomba ifahamike kwamba nilikuwa sahihi.

Nusu.

Nianze na sifa, maana nisipojisifu mwenyewe hapa kwetu hakuna wa kunisaidia kazi hiyo. Mimi Gidi niliacha shule kidato cha pili, lakini niliondoka na kitu ambacho waliofika cha nne hawana. Mwalimu wetu wa fizikia, tuliyemwita Sentimita, alikuwa akisema: ukikutana na kipimo usichokijua, usiogope namba, uliza mkia wake. Mkia ni kile kinachofuata namba: mita, lita, saa. Ukiona "kwa" ndani ya mkia, ujue hapo pamegawanywa. Zidisha mpaka mikia usiyoitaka ikatike, na ile itakayobaki itakuambia ni kitu gani umeshika.

Dawa ya mbuzi iliandikwa mililita kwa kilo. Kijiji kizima kilikuwa kinakisia. Mimi nikasema mbuzi apimwe uzito kwanza, kilo ikatane na kilo, zibaki mililita. Mbuzi yule yu hai mpaka leo na ana dharau.

Sasa jambo lenyewe. Leo ndiyo siku watu wa Kibondo walikuwa wanakuja kumposa dada yangu Eliza. Ameisubiri mpaka amekonda. Juzi Alhamisi mama alinikabidhi kazi moja tu: madumu arobaini ya maji kutoka kijitoni, ya kupikia na ya kunawia wageni.

"Gidi, wageni wakikosa maji nyumbani kwangu, sura yangu nitaiweka wapi?"

Kijito kiko bondeni, nyumba iko mlimani, na baiskeli inabeba madumu manne. Safari kumi. Nikafungua simu kutafuta faraja, nikakuta utabiri: kesho mvua, milimita tano kwa saa, saa nne mfululizo.

Dada alipochungulia akasema hao wa simu wamekosea, maji hayapimwi kwa rula. Mimi nikauliza mkia. Milimita tano kwa saa, zidisha kwa saa nne: saa imekatana na saa, zimebaki milimita ishirini. Huo ni urefu. Urefu ukizidishwa na eneo unazaa ujazo, na ujazo ndio lita! Yaani kama mvua yote ingesimama pale ilipoangukia, bila kutiririka wala kuzama, kina chake kingekuwa milimita ishirini. Kwenye mita moja ya mraba, hizo ni lita ishirini.

Dumu moja kamili, Shajara. Nilisisimka mwili.

Nikachukua kamba, nikapima nyumba chini ya kingo za bati. Urefu mita nane, upana mita tano. Mita za mraba arobaini.

Madumu arobaini! Yanashuka yenyewe, yanapita kwenye gata, yanaingia kwenye tangi, bila baiskeli wala jasho.

Nikamtangazia mama kwamba maji yako njiani. Akauliza: "Yewe, Gidi, hayo maji yanatoka mawinguni au yanatoka mdomoni mwako?" Nikamwambia hiyo ni sayansi. Kisha nikaenda kucheza mpira. Jana Ijumaa nikakaa dirishani kutazama mvua ikinifanyia kazi. Niliipigia hata makofi.

Leo alfajiri dada akafunua tangi.

"Gidi! Kwa hiyo mimi naposwa na kiu?"

Lilikuwa na maji ya madumu ishirini tu. Nikakagua tangi, halivuji. Nikakimbia kwa bwana shamba, ambaye ana kopo la kupimia mvua: milimita ishirini, wala hazijapungua. Nikarudia hesabu mara tatu. Kila mara kwenye karatasi arobaini, kwenye tangi ishirini. Nikaanza kumshuku jirani.

Wageni walitarajiwa saa nne. Dada alikuwa analia chini chini ili asiharibu uso. Bodaboda wote wamegoma kupanda kwa sababu ya utelezi. Nikatoa baiskeli.

Safari ya kwanza hadi ya nne sitaki kuzizungumzia. Ya tano, katikati ya mlima, baiskeli ilianza kunirudisha bondeni. Mara ikawa nyepesi. Kugeuka, baba mmoja anaisukuma kwa nyuma, suruali kaikunja mpaka magotini, viatu vyake kavitundika shingoni.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Sukuma, usisimame."

Mdomo wangu haujui kupumzika, hata mapafu yakigoma. Nikamsimulia yote tukipanda: mikia, milimita, arobaini, ishirini. Nikaongeza kwamba haya yote ni kwa ajili ya watu wa Kibondo, ambao nasikia wakienda kuposa wanakula kama waliotoka kifungoni.

Akaguna. Halafu akauliza, "Paa lenu lina pande ngapi?"

"Mbili, mzee, kama la watu wote."

"Na gata?"

Nikasimama. Baiskeli nayo ikataka kurudi kijitoni.

Gata liko upande wa nyuma tu. Nimelala chini ya paa lile miaka kumi na tisa. Maji ya upande wa mbele yote yalimwagika mlangoni, na asubuhi nililiruka dimbwi lake mimi mwenyewe nikienda kuchunguza kwa nini maji hayatoshi.

"Mimi ni fundi bati," akasema. "Mikia yako iko sawa, kijana. Lakini lita inayoingia kwenye tangi na lita inayomwagika mlangoni zina mkia uleule."

Tulipoingia uani mama akatoka, akamwona, akapiga magoti kumwamkia. Ndiye mshenga wa watu wa Kibondo. Gari lao lilikwama chini ya mlima, akatangulia kwa miguu.

Nilitamani kuingia ndani ya dumu. Kama posa ingevunjika leo, isingevunjwa na kiu. Ingevunjwa na mdomo wangu.

Kwenye mazungumzo akasimama, akakohoa. "Tumenawa maji safi. Nusu yameletwa na mvua, nusu na huyu muramu wetu, shemeji msemaji. Ombi langu ni moja: wali ukae karibu, sisi tumetoka kifungoni."

Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu. Posa ikapokelewa, na dada alipopita nyuma yangu na sinia alinifinya sikio, lakini si kwa nguvu zake zote.

Mshenga ameahidi kurudi kufunga gata la mbele. Ngazi nitashika mimi, mdomo umefungwa.

Sasa nimejilaza nikijiuliza aibu ya leo ina mkia gani. Nimeipata: madumu ishirini, zidisha kwa mlima mmoja. Dumu-mlima ishirini.

Mama anapita mlangoni anasema kesho atafua mashuka yote ya wageni. Simu inasema milimita tano kwa saa, saa nne mfululizo. Nimeshika ulimi.

Kwanza naenda kuhesabu pande.