Magurudumu katika Beseni la Kuku

Jumatatu, 4 Agosti
Baridi. Nimefagia uwanja wa parseli yetu, nimechota maji kisimani, nimejaza bidoni za plastiki za wanaonunua maji kwa Mama, nimelisha kuku. Kisha hadubini ya marehemu Baba, aliyekuwa fundi wa maabara. Haitaki umeme. Ina kioo chini, inataka jua tu.

Leo tone kutoka beseni la kuku. Nikabana simu kwenye lenzi, nikapiga picha. Kijidudu kiangavu kama bilauri, kichwani magurudumu mawili ya nywele yanazunguka. Tumboni chakula cha kijani kinaonekana.

Nililia kidogo. Hakuna wa kumwonyesha. Wenzangu wa darasa wako hotelini Karavia, wanasherehekea kumaliza mtihani wa taifa. Hawakuniita.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeweka picha kwenye status ya simu, waione majirani na wenzangu. Nikaandika: "Uzuri uliojificha katika maji ya kwetu." Wengi wameangalia. Hakuna aliyejibu.

Ijumaa, 8 Agosti
Hakuna foleni ya bidoni mlangoni. Mama Kapinga, mteja wetu wa siku zote, alipita akielekea kisima cha ng'ambo.

"Mama Kapinga, leo unatupita?" Mama aliuliza.

"Eh, mutoto wako mwenyewe ametuonyesha! Maji yenu iko na kadudu ka moteri, ka kuzungusha magurudumu. Tukunywe moteri?"

Wanawake barabarani wakacheka. Mama akanitazama.

Nilipaswa kusema tone lilitoka beseni la kuku, si kisimani. Nikakimbilia ndani. Ninajichukia.

Jumamosi, 9 Agosti
Tunaishi kwa kisima hiki. Jana na leo hakuna mteja. Nimemweleza Mama. Ameitikia kwa kichwa, ameweka sahani yangu, ameondoka.

Nimefuta picha. Bidoni hazikurudi.

Nimeangalia maji ya kisima, tone baada ya tone. Sioni kitu. Lakini Baba alisema kutoona si ushahidi kwamba maji ni safi, ndiyo maana tunachemsha. Kesho nitawaambia majirani hivyo hivyo. Naogopa.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya misa nilibeba hadubini hadi kwa Mama Kapinga. Majirani walikuwa wamekaa naye. Niliweka tone la beseni la kuku, kisha la kisima. Nikasema yote kwa sauti ndogo. Wakaniambia nirudie. Nikarudia. Nikaongeza: chemsheni.

Mama Kapinga hakutaka kuachia lenzi yenye tone la beseni. "Yo! Iko nacheza! Angalia, iko nacheza!"

Hakuahidi kitu. Nilirudi peke yangu, sanduku la hadubini likiniumiza bega.

Jumatatu, 11 Agosti
Bidoni moja mlangoni. Ya njano, ya Mama Kapinga. Moja tu.

Mama aliijaza mwenyewe. Kisha akaja nilipokaa juani, akafuta mikono kwenye kitenge, akainama juu ya lenzi bila kuniuliza. Alikaa hapo muda mrefu.

"Baba yako hakunionyeshaka hata siku moja," akasema.

Wingu lilipita. Nikageuza kioo, nikamtafutia jua.