Soksi Chini ya Meza ya Joto

Shunji mkwe wangu,

Nimeenda kuzoa theluji kwa jirani, maana uso wako siutaki kwa sasa. Supu iko jikoni. Watoto wakienda kuteleza, wavae mikanda ya sufu tumboni, hata wakinuna.

Asubuhi nimeingiza miguu chini ya blanketi la meza ya joto, pale penye hita, vidole vikagusa kitu kinachoteleza kama samaki aliyeoza. Soksi zako za jana, umezianika hapo tunapokula. Wali ukanishinda. Mtu mzima, jamani.

~~Fungasha urudi Osaka.~~ Vaa soksi nene za marehemu mzee wangu, ziko kabatini. Hivyo vitambaa vyako vya mjini kavitupe.

Mzee naye zake alikuwa akizianika humo humo. Uvundo ule niliusahau tangu afe. Usinikumbushe tena.

Mama mkwe