Mihogo Isiyolowa

Kamwokya, Kampala
15 Februari 1976

Baba yangu mpendwa,

Nisamehe kwanza kwa kukaa kimya muda wote huu. Ungekuwa na haki ya kusema Masika amekufa au amekuwa tajiri. Nilijifungua kabla ya Krismasi, mtoto wa kiume, na kwa kuwa amemfuata msichana tumemwita Muhindo kama inavyotakiwa. Analia kama honi ya lori. Nikimlaza nishike kalamu, anaamka. Ukiona madoa kwenye karatasi, ni maziwa.

Hamjambo wote? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na mwanangu Kavugho? Mimi sijambo, ila nimechoka. Jean-Pierre anaenda Ggaba, kando ya ziwa, alfajiri kununua samaki wa kuuza mjini. Akichelewa, nasimama mlangoni na mtoto mgongoni mpaka nimwone. Hapa mtu anaitwa kwenye gari na watu wa miwani myeusi, na wewe ukiuliza yuko wapi, unaitwa pia. Ndiyo sababu nilimwacha Kavugho kwenu, upande wa pili wa mpaka. Sukari na chumvi ni za magendo, sabuni tunaikata kwa uzi.

Unga wa muhogo mliompa Kasim wa lori umefika, asanteni. Anasema kiwanda cha chai kimekupa kazi kwenye bwawa jipya na kwamba siku hizi unatembea na mabuti kama gavana. Kweli, Baba?

Mwambie Kavugho ana mdogo wake mwenye kelele.

Binti yako,
Masika

*

Kasalala
20 Aprili 1976

Binti yangu Masika,

Salamu nyingi kutoka mlimani, na salamu za pekee kwa bwana Muhindo. Nilipoisoma barua kwa sauti, Mama yako alipiga vigelegele hadi majirani wakadhani nimeongezwa mshahara. Mgongo wake ni ule ule. Sisi tunapumua.

Kasim ana mdomo, lakini safari hii hakudanganya. Mimi ndiye mlinzi wa lango la maji. Kuna usukani wa chuma juu ya ukuta. Nikiuzungusha, mto wetu Musoya unaingia wote kwenye bomba na kushuka hadi mashine za kiwanda. Nyaya za umeme zinapita juu ya paa letu, ingawa sisi bado tunawasha koroboi. Wakubwa wanasema zamu yetu itafika.

Sitakuficha, chini ya ukuta hakuna mto tena. Pale mlipokuwa mkioga na dada zako sasa ni mawe na vidimbwi vya vyura. Vile visamaki vya kuvua kwa vikapu vimekwisha, na magimbi yamekauka. Wanawake wanapanda hadi kijito cha juu, nako wanafukuzwa: "Nendeni kwa Barnabé, si ndiye aliyeyafungia!" Juzi Mama yako alirudi na kibuyu kimepasuka na sauti imekauka kwa kutukanana.

Mihogo ndiyo inayotusumbua. Zamani tuliitumbukiza mtoni, ikakaa hadi ikalainika yenyewe. Sasa inalowekwa kwenye beseni, na maji ya beseni yanatakiwa na sufuria, basi inatolewa ikiwa bado migumu na kuanikwa. Ugali una uchungu kidogo. Tunazoea.

Kavugho ni mzima. Akienda shule anavuka mto bila kulowesha kisigino, na anajisifu kwa hilo.

Baba yako,
Barnabé

*

Kamwokya, Kampala
6 Juni 1976

Baba mpendwa,

Natumaini mko salama. Leo salamu zangu ni fupi kwa sababu nina haraka na nina hofu.

Nina jirani anaitwa Anena, mke wa Odur, polisi kutoka kaskazini. Yeye anafanya kazi wodini, hospitalini. Juzi alinikuta nikisonga ugali wa unga wenu. Akachovya kidole, akaonja, akaenda kutema nje.

"Mama Kavugho, hii mihogo waliiloweka wapi?"

"Kwenye beseni. Mto umefungwa."

"Nani ameula huu unga?"

"Mimi tu. Muhindo bado ananyonya, na Jean-Pierre hali ila samaki na matoke."

"Mwaga. Usiniangalie hivyo, nyabo, mwaga! Nitakupa posho yangu ya mahindi."

Anasema mihogo michungu ina sumu, na kule kukaa majini hadi ilainike ndiko kunakoitoa. Ikitolewa mapema sumu inabaki. Anayeila kila siku, bila samaki wala maharage, mwili unakosa nguvu za kupambana nayo, na siku moja miguu inakakamaa. Amewaona watu hao kwao, mwaka wa ukame.

Sasa sikiliza, Baba. Kwao maji ni machache, hawaloweki mihogo hata kidogo. Wanaimenya, wanairundika, wanaifunika kwa majani na magunia hadi iote ukungu na kulainika ndani. Halafu wanaukwangua ukungu, wanaiponda vipande na kuianika juani. Mwambie Mama asicheke. Najua atasema Masika ametutaka tule vitu vilivyooza. Afanye tu.

Na mpaka ifanyike, Kavugho asile muhogo. Mpeni viazi, mpeni ndizi. Samaki wa moshi niliompa Kasim ni wa mtoto, wasiwekewe wageni.

Niandikie upesi. Nataka kujua jambo moja: anatembea vizuri?

Binti yako,
Masika

*

Kamwokya, Kampala
22 Agosti 1976

Baba,

Hamjambo? Sisi tupo.

Tangu mambo ya Julai kwenye uwanja wa ndege barabara zimekazwa, kila mahali kizuizi, nikajiambia jibu lako limekwama mpakani. Lakini jana Kasim alifika. Unamjua, ukimuuliza saa anakupa hadithi. Nilipomuuliza habari za Kavugho aliinama kukagua tairi.

Nikamwambia, "Kasim, hilo tairi halina kitu."

Akasema, "Dada, muulize baba yako."

Basi nakuuliza.

Masika, mwanao

*

Kasalala
19 Septemba 1976

Masika, mwanangu,

Nakusalimu, na nakuomba ukae chini kabla ya kuendelea.

Kavugho hatembei. Ilimpata mwishoni mwa Mei, kabla barua yako haijatufikia. Walikuwa wametoka na Mama yako kijito cha juu kuchota maji. Usiku alilala mzima. Asubuhi aliita, "Babu, miguu yangu imelala, iamshe." Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda. Nikamsimamisha, akasimama kwa vidole tu, visigino juu, magoti yanagongana, akaanguka. Sasa anajikokota kwa makalio. Akili yake ni ile ile na mdomo ni ule ule. Anawatania wenzake kwamba yeye ni malkia, habebi maji.

Si yeye peke yake. Watoto wengine wa ng'ambo ya mto wamepatwa, na mama mmoja mwenye mimba. Watu walisema mto umekasirika kwa kufungwa. Wengine walisema ni mimi nimewauza watoto kiwandani ili nipate mabuti. Nilikwenda zahanati, wakanipa vidonge, wakasema tungojee. Mimi nilidhani ni ule ugonjwa wa kupooza unaowapata watoto popote. Kisha barua yako ikaja. Niliisoma peke yangu, juu ya ukuta, mkono wangu ukiwa kwenye usukani.

Nilifungua lango, Masika. Mchana, watu wakiona. Nikauzungusha hadi mwisho. Sikufikiri kwamba wanawake walikuwa wameloweka mihogo yao kwenye vile vidimbwi vilivyobaki. Maji yalishuka yakaizoa yote, pamoja na vikapu, na jirani yetu, mama yake Loice, alinusurika kwa kushika mzizi. Wakanitukana zaidi kuliko nilipofunga. Mashine zilisimama. Kabla jua halijazama meneja alikuwa amekwisha kunivua koti na mabuti, na leo kijana mgeni ndiye anayeshika usukani. Amefunga.

Mama yako amerundika mihogo kama ulivyosema. Hakucheka.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungechukua barabara siku hiyo hiyo na Muhindo mgongoni, upite kwa wale askari. Na pia kwa sababu nyingine unayoijua. Ukimtaka mtoto nitamtuma na Kasim. Mimi sina uso wa kukutazama.

Baba yako

*

Kamwokya, Kampala
11 Oktoba 1976

Baba yangu,

Nakusalimu wewe na Mama. Nimeisoma barua yako. Nililia siku ile na ya pili yake, halafu Muhindo akataka kunyonya na nguo zikataka kufuliwa. Kwa hiyo sasa naandika.

Anena amemuuliza daktari wake. Miguu haitarudi ilivyokuwa. Naandika hivi wazi ili Mama asipeleke mbuzi kwa mtu yeyote anayeahidi kumponya. Lakini sumu ikikoma hali haitazidi kuwa mbaya, na mtoto anaweza kufundishwa kutembea kwa fimbo mbili akianza mapema. Fundi wa fimbo yupo hapa hospitalini. Anena mwenyewe atamshika mkono, ingawa ana yake: Odur aliitwa kazini wiki iliyopita na hajarudi, na mengine sitayaandika.

Huwezi kumtuma Kavugho na Kasim kama gunia. Nani atamshusha akitaka kujisaidia? Nani atamshika lori likiruka? Jean-Pierre amepata karatasi yenye muhuri kwamba mtoto anakuja hospitali. Kasim anayo. Askari wakiwasimamisha, waamkieni kwa Kiswahili na muwaite afande. Hiyo ndiyo lugha yao, wanaiheshimu. Semeni ukweli, ni mtoto mgonjwa.

Unga msilete. Ninavyohitaji ni hivi. Kadi yake ya chanjo. Kitenge kipana cha Mama cha kubebea, kile cha bluu, kwa sababu vyangu ni vya mtoto mchanga. Viatu vyake vya shule, hata kama vimekwisha kwenye ncha, fundi anataka kuona jinsi vilivyolika. Majina na umri wa wale watoto wengine, daktari ameyaomba. Kavugho mwenyewe. Na mgongo wa kumbeba kutoka kwenye lori mpaka mlangoni kwangu. Uwe wako, Baba, si wa mtu mwingine.

Mwanao,
Masika