Mama Alifukuzwa Darasani Kwangu

Nyumba za Walimu, mlango wa mwisho
Jumapili mchana

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini hujambo, wifi yangu hajambo, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimeachia. Sisi huku tunapumua. Mama miguu inamuuma kidogo, ila chakula anakula. Binti yako, Kasuku wetu, ni mzima wa mwili.

Sasa nisikilize. Ujumbe wako nimeupata, ule wa kunitaka nimwombe radhi mwalimu mkuu ili yaishe. Niliusoma nimesimama, nikakaa, nikausoma tena. Naona huyo mkuu, rafiki yako, amekupigia simu, akakusimulia anavyotaka yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo ngoja nikueleze mimi niliyekuwepo.

Unajua nafundisha Kiingereza darasa la pili. Wiki ile tulikuwa kwenye nomino. Watoto wanaimba kama kwaya kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu, lakini ukimwambia mmoja akutajie hata moja, anatazama dari. Nikawaambia kesho yake kila mtu aje na nomino yake kutoka nyumbani, nami nitamfundisha inavyoitwa kwa Kiingereza.

Wakaja nazo. Vijiko, funguo, ndoo isiyo na mpini. Mtoto wa fundi seremala alileta udongo kwenye mfuko, akasema hapo ni mahali, ni uani kwao. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kasuku aliingia wa mwisho, amemshika bibi yake mkono. Alikuwa amembembeleza tangu jana yake, kwamba wenzake wote wataleta vitu, yeye anataka kuleta mtu. Mama akamwachia jirani meza yake ya mboga, akaja.

Nikamkalisha kwenye kiti changu. Watoto wakawa wanapita mmoja mmoja, wanamshika mkono na kusema "grandmother", naye anamwitikia kila mmoja, "Naam, mjukuu wangu." Sijawahi kuliona darasa lile limetulia namna hiyo.

Hapo ndipo mwalimu mkuu akaingia, wakaguzi wakimfuata nyuma. Huyo uliyekaa naye dawati moja. Huyo aliyekula nawe sahani moja jikoni kwa mama mpaka akaota ndevu. Alimtazama mama usoni, akajifanya hamjui.

"Wewe mama, hapa si sokoni. Toka nje."

Mama akainuka. Akaomba samahani. Umesikia? Yeye ndiye aliyeomba samahani.

Nikasema wazi, wakaguzi wakisikia, kwamba huyu ni mama yangu, nimemkaribisha mimi, na ndiye somo la leo. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema nomino ziko kitabuni. Basi nikaweka chaki chini, nikawatoa watoto wote, tukamfuata mama hadi getini, na somo tukalimalizia palepale juani. Hilo ndilo kosa ninalotakiwa kuliombea radhi.

Tangu siku hiyo amenipokonya darasa. Nimetupwa stoo, napanga vitabu vilivyotafunwa na panya. Anawafundisha mwenyewe, na ukipita dirishani unasikia kwaya ileile. Fundi seremala aliwakusanya wazazi wenzake wakaenda ofisini kudai nirudishwe. Akawajibu kwamba nitarudi nikishaomba radhi mbele ya walimu wote. Sitaomba. Nikirudi, nitarudi kwa miguu yangu, si kwa magoti.

Lakini stoo siyo inayonikosesha usingizi. Kasuku haongei tena darasani. Yule mtoto uliyekuwa ukimwomba kwenye simu apumzike kidogo, sasa anaulizwa swali anainama. Juzi tukiwa tunaosha vyombo akaniuliza, "Shangazi, nilikosea kumleta bibi?" Nikamwambia hakukosea hata kidogo. Hakuniamini. Ataniaminije, na aliyemfukuza bibi ndiye anayeshika chaki?

Na wewe, badala ya kumuuliza mama, umekimbilia kusikiliza upande wa rafiki yako. Hilo limenichoma kuliko yote. Mpigie huyo bwana. Mwambie aende akapige hodi kwa mama, mchana kweupe, majirani wakiona, aombe radhi kwa kinywa chake. Kama hilo huliwezi, basi neno "yaishe" usiniandikie tena.

Nisalimie wifi, mwambie gauni la Kasuku limemkaa vizuri. Mjomba dereva anakusalimu, na shangazi mkubwa anauliza utakuja lini. Mungu akulinde na akupe ulimi wa kusema la haki hata kwa rafiki.

Jambo moja nisilisahau. Vile viatu ulivyomtumia mama, ambavyo amekuwa akisema ni vizuri mno, havifai kuvaliwa sokoni, siku ile alivivaa kwa mara ya kwanza. Amevirudisha kwenye boksi.

Akupendaye, hata leo,
Dada yako