Dakika Sita za Khulud

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Siku ya 79 ya eda. Khulud kapiga kwa video baada ya alasiri, kama kila Ijumaa, huko Maskati wako mapumziko. Nimeuona uso wa mwanangu. Kanenepa kidogo. Kauliza nimekula nini, nikamwambia. Nikajikaza nimuulize lile swali — paa! Skrini bluu, maandishi meupe, kompyuta imezima. Dakika sita. Wiki iliyopita pia sita.

Swali lenyewe moja tu: mbona hukuja kumzika baba yako? Saa tano na kitu kwa ndege. Hata hitima hakuja. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Kwenye hii simu yangu ya vitufe siwezi kuuliza. Nataka nimwone usoni akijibu.

Nimefanya kama alivyoniandikia Muhannad. Karatasi yake bado ipo chini ya kioo cha meza: "Khairiya, kamera ikisumbua weka hii CD, bonyeza Next mpaka mwisho." Nimeweka. Nimebonyeza mpaka mwisho. Mume wangu alikuwa na mwandiko mzuri.

Jumatatu, 8 Septemba

Huku kwetu Bunju watu wa mjini hawafiki. Hitima ilipokwisha, na wao wakaisha. Leo nimeongea na muuza maji tu, dirishani. Nimewasha kompyuta nisikie feni yake. Upweke huu!

Jumatano, 10 Septemba

Fundi wa kompyuta kaja! Mwishehe, namba yake nimepewa na jirani yangu Bupe. Kanipa shikamoo, anataka kuvua viatu, nikamwahi: mwanangu, nimefiwa na mume, niko eda, huingii. Nilidhani atakasirika na nauli yake ya bure. Wapi! "Hamna ishu, mama. Mie nakaa hapa barazani, we utakuwa mikono yangu."

Na kweli kakaa. Mlango wazi nusu, pazia katikati. Yeye anapaza sauti, mimi nabonyeza. "Mama, umeiona Device Manager?" Sijaiona! "Shuka chini!" Nimeshuka. Nina miaka sitini na mbili, sijawahi kugusa huko, ilikuwa kazi ya Muhannad. Majirani watadhani tunagombana.

Kasema ubaya uko kwenye draiva. Ni kiprogramu kinachoiambia kompyuta namna ya kuitumia kamera. Ya kwetu ya zamani, Windows mpya, haziivani, ndiyo maana mashine inaanguka. Tumeshusha draiva mpya kwenye intaneti. Kamera tumeijaribu dakika kumi nzima, nikawa najitazama mwenyewe. Nimezeeka, na wanja sipaki. Haikuzima.

Nimempitishia sinia chini ya pazia, kahawa na halua. Kasema halua hii ni hatari, ataiharibu kompyuta kusudi arudi. Nimecheka. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Halafu kaondoka, na nyumba ikawa kubwa zaidi ya jana.

Ijumaa, 12 Septemba

Bluu tena! Dakika sita. Mdomo nilishaufungua.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimempigia Mwishehe nikamfokea. Kaniacha nimalize. Kisha taratibu: "Samahani mama, mie nilivyoondoka, kuna kitu uliweka?"

Nikakumbuka. Alhamisi nilijaribu kamera, picha ilikuwa na ukungu kidogo. Nikasoma karatasi, nikaweka CD, Next mpaka mwisho. Kumbe kila nikiiweka, draiva ya zamani inarudi na kuifukuza mpya. Wiki zote hizi naisingizia mashine, kumbe naiangusha mimi kwa mkono wangu!

Kasema, "Itoe hiyo draiva ya zamani, mama, uiweke tena ile mpya. Na CD usiiguse kabisa." Kanitajia hatua zote, nimeandika. Simu ilipokatika nimelia. Si kwa ajili ya kamera. Ni jambo la mwisho Muhannad aliloniachia maelekezo, na ndilo natakiwa kulifuta.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeitoa. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nilikaa muda mrefu kabla sijabonyeza Yes. Kisha nimeweka mpya, peke yangu! CD nimeifunga kwenye kanga, iko kabatini. Karatasi nimeiacha chini ya kioo, siwezi kuitoa.

Ijumaa, 19 Septemba

Khulud kapiga. Nimekula nini — changu wa kukaanga. Joto la huko — linapungua. Ilipofika dakika ya sita nikashika ukingo wa meza nikingoja bluu. Haikuja. Ya saba. Ya nane! Hatujawahi kufika huku.

Khulud katazama pembeni. "Mama, leo net yako nzuri." Nikasema ndiyo. Kumbe maneno yetu ni ya dakika sita tu, mengine hatuna.

Nikamuuliza.

Katulia hivi hata nikadhani picha imeganda. Kisha kapepesa macho. Haikuganda. "Subiri, mama, kuna mtu anabisha mlangoni." Kainuka. Mimi sikusikia hodi.

Naandika huku nakitazama kiti chake kitupu kwenye skrini. Mto wa kijani umeanguka chini, hakuna aliyeuokota. Dakika ya ishirini na moja sasa. Picha safi, feni inavuma vizuri, kazi ya Mwishehe haina dosari. Zima basi, naiambia. Haizimi.