Sauti ya Bibi, Spika ya Kushoto

Jumamosi, 5 Oktoba 2024
Leo tumemaliza matanga ya Bibi Zulmira. Vitu vyake vimegawanywa uani, mbele ya ndugu wote. Vitenge kwa mashangazi, jembe kwa mama. Baba mdogo Silvio aliomba sanduku la bati, la kuwekea spana zake. Akapewa. Hakuna aliyelifungua. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Mle ndani mlikuwa na sahani zake za santuri.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimemfuata baba mdogo. Anasema sahani kampa mama mmoja wa mitumba sokoni, zilikuwa zinamjazia nafasi. Ningejuaje, akasema. Kweli, hakujua.

Katika moja bibi anaimba. Alirekodi akiwa msichana – waitikiaji watatu, kwa Kimakonde. Imeandikwa STEREO. Alinifundisha mwenyewe: spika ya kushoto ni yeye na wenzake, ya kulia ni magitaa. Gramafoni ya babu ina spika moja na sindano nzito, ni ya zile za MONO tu. Sindano hiyo huikwangua sahani ya stereo. "Yangu tutaisikiliza kwa mwalimu wako, mke mwenzangu." Mwalimu Frank ana mashine ya spika mbili. Hatukwenda. Kila siku palikuwa na kazi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimechambua mitumba tangu asubuhi. Chini ya viatu nimepata sahani nne, zote MONO. Yule mama, Mwanahamisi, akanitania: "Binti, za kulia ubwabwa hizo? Zina tundu katikati, mchuzi utavuja." Wenzake wakacheka. Nikamwambia natafuta sauti ya marehemu bibi yangu. Akainuka, akaondoa kikombe juu ya ndoo yake ya maji, akachukua mfuniko, akaufuta kwa kanga aliyojifunga. Ndiyo yenyewe.
"Nisamehe, mwanangu. Nimeifunikia maji wiki nzima."
Hakutaka nimpe chochote.

Jumatatu, 14 Oktoba
Mwalimu Frank yuko semina Dodoma, anarudi Jumatatu ijayo. Witness, binti yake, anasema baba yake anaweza kuihamishia kwenye flashi. Basi bibi hatapotea tena. Wiki moja tu.

Jumatano, 16 Oktoba
Babu Inasio ameiona. Tangu msiba anakula matonge mawili, anasukuma sahani.
"Mke wangu, iweke."
Nikamweleza habari ya sindano. Nikamwomba tusubiri Jumatatu.
"Miaka arobaini na nane nimelala nao, huo mdomo. Mara moja tu."
Simu yake ni kitochi, hairekodi. Ya mama iko naye Nanyamba, kwenye korosho. Nikaiweka.
Bibi akaimba. Magitaa na sauti vyote vimebanana katika spika moja, lakini ni yeye. Babu alitaja jina lake, taratibu, kama anayemwamsha. Kisha akala ugali wote.

Ijumaa, 18 Oktoba
Jana mara mbili. Leo mara tatu. Nilikataa, akakataa chakula. Sasa kuna mkwaruzo, kama mchanga unaopepetwa. Babu amevuta kigoda, ameegemeza sikio kwenye spika.
"Mbona anakwenda mbali?"
Nilimweleza Jumatano. Nadhani anajua.

Jumapili, 20 Oktoba
Kesho mwalimu anarudi. Baada ya misa niliificha sahani katikati ya madaftari yangu ya shule, nikajiapiza haitoki. Mchana babu hakula. Sasa ameoga, amevaa shati la kanisani. Ameweka viti viwili mbele ya gramafoni. Kimoja si changu. Ni kile cha bibi, chenye mguu uliofungwa waya.

Niko chumbani, naandika. Namsikia anakohoa, anachomeka waya ukutani.
"Mke wangu. Ya mwisho, halafu mpelekee mwalimu."
Juzi alisema hivyo hivyo.
Kesho saa mbili asubuhi tu. Usiku mmoja.
Ananiita tena, safari hii kwa jina langu, Claudia. Hajawahi.
Sahani iko mapajani. Nimeshaifuta vumbi.